Kalamu, Kamera na Mkataba: Historia ya Kazi za Frank Darabont katika Filamu na Televisheni, 1981–2025

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kazi za Frank Darabont, mwandishi wa miswada ya filamu wa Marekani aliyegeuka kuwa mwongozaji, kuanzia siku zake za kibarua katika seti mwaka 1981 hadi vipindi alivyoviongoza vilivyotoka mwaka 2025. Hoja kuu ni kwamba Darabont aliingia katika uongozaji ili kuyalinda maneno yake, na kwamba kiti cha mwongozaji kiliyalinda kwa kiasi tu. Ulinzi mkubwa zaidi ulitokana na mkataba. Makala yanaonesha pia jinsi kalamu yake ilivyofika Afrika Mashariki na Kongo kupitia tamthilia ya televisheni, na yanahitimisha kwa kueleza kwa nini historia hii inawahusu waandishi wa Kiswahili wanaoandikia skrini.

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, suala la nani mtunzi wa kazi halina utata mkubwa. Kusadikika ni ya Shaaban Robert na Kinjeketile ni ya Ebrahim Hussein. Hata tamthilia inapopandishwa jukwaani na watu thelathini, jina la mtunzi hubaki pale pale. Filamu haina utulivu huo. Mswada huandikwa na mmoja, huandikwa upya na wa pili, huongozwa na wa tatu, huhaririwa na wa nne, na mwishowe humilikiwa na kampuni ambayo huenda haikuandika hata sentensi moja. Mtazamaji anapotoka ukumbini hukumbuka waigizaji, pengine mwongozaji. Mwandishi hukumbukwa na wachache.

Ndiyo maana historia ya waandishi waliohamia kwenye uongozaji ina thamani ya pekee kwa watafiti. Wengi wao hawakuhama kwa kuichoka kalamu. Walihama kwa sababu walitaka kuifuata kalamu hadi mwisho wa safari yake. Frank Darabont ni mfano bora, kwa kuwa amefanya kazi katika filamu fupi, filamu za kutisha, filamu za televisheni, mfululizo wa vijana, filamu kubwa za sinema, tamthilia ya kebo na hatimaye utiririshaji wa intaneti. Katika kila kituo swali lilikuwa lile lile: nani mwenye neno la mwisho?

2.0 Mtoto wa Wakimbizi na Shule ya Seti

Darabont alizaliwa tarehe 28 Januari 1959 huko Montbéliard, Ufaransa, katika kambi ya wakimbizi. Wazazi wake walikuwa Wahungaria waliokimbia nchi yao baada ya maasi ya mwaka 1956 kuzimwa na majeshi ya Kisovieti. Familia ilihamia Marekani angali mtoto mchanga, ikaishi Chicago, kisha Los Angeles. Alimaliza masomo katika Shule ya Sekondari ya Hollywood mwaka 1977 na hakuendelea na chuo kikuu.

Shule yake ya pili ilikuwa seti ya filamu. Mwaka 1981 alipata kazi ya usaidizi katika filamu ya kutisha iitwayo Hell Night, na kwa miaka kadhaa alijipatia riziki kwa kupanga seti: kubeba samani, kuweka mapazia, kuhakikisha chumba cha kuigiza kinafanana na chumba cha kuishi. Usiku aliandika. Kazi hiyo ya mikono haikuwa kando ya uandishi wake, kwani mwandishi aliyewahi kubeba meza hujua kwamba kila sentensi ya mswada ni gharama, jasho na saa za watu.

Katika kipindi hicho alitengeneza filamu fupi, The Woman in the Room (1983), kutokana na hadithi ya Stephen King. King alikuwa na utaratibu wa kuwaruhusu wanafunzi na watengenezaji filamu chipukizi kutumia hadithi zake fupi kwa malipo ya dola 1, mradi wasizifanyie biashara bila idhini yake. Kwa hiyo mlango wa kwanza wa Darabont ulifunguliwa na makubaliano ya wazi kati ya mwenye neno na mwenye kamera. Makubaliano hayo yalizaa uhusiano wa miaka mingi, na baadaye filamu tatu ndefu.

3.0 Televisheni kama Karakana

Mkate wake wa kwanza wa uandishi ulitokana na filamu za kutisha. Alishiriki kuandika A Nightmare on Elm Street 3: Dream Warriors (1987), The Blob (1988) na The Fly II (1989). Zote zilikuwa mwendelezo au urudiaji wa kazi za wengine. Mwandishi wa filamu za namna hiyo ni sawa na fundi anayeitwa kuongeza chumba kwenye nyumba aliyoijenga mwingine: anaweza kuonesha ustadi, lakini ramani si yake.

Nafasi ya kuongoza filamu ndefu ilikuja kupitia televisheni. Buried Alive (1990) ilikuwa filamu ya kituo cha kebo cha USA Network, na mswada haukuwa wake. Safari hii alikuwa mwongozaji wa maneno ya mwingine, chini ya bajeti na ratiba finyu za televisheni. Mwaka huo huo aliandikia Tales from the Crypt, mfululizo wa hadithi za kutisha wa HBO. Televisheni ya wakati ule haikuwa na heshima ya sinema, lakini ilikuwa karakana ambamo fundi hujifunza kumaliza kazi kwa wakati.

3.1 Kalamu Yafika Afrika Mashariki

Kituo kinachowahusu zaidi wasomaji wa ukanda huu ni The Young Indiana Jones Chronicles, mfululizo wa George Lucas uliorushwa na ABC kuanzia mwaka 1992. Darabont alikuwa miongoni mwa waandishi wake. Katika hadithi ya Phantom Train of Doom, kijana Indiana Jones, askari wa jeshi la Ubelgiji, anajikuta katika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwezi Novemba 1916. Anajiunga na kikosi cha wazee wa Kiingereza, akiwemo mwindaji Frederick Selous, kulisaka garimoshi lenye mzinga mkubwa, na njiani anakutana na Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck.

Mzinga wa garimoshi ni wa kubuni, lakini una mwangwi wa historia. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipozamishwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, mizinga yake iliopolewa, ikawekwa magurudumu na kutumika nchi kavu. Selous naye ni mtu wa kweli: alipigana akiwa amevuka miaka 60, akauawa Beho Beho, karibu na Rufiji, tarehe 4 Januari 1917. Hadithi inayofuata katika mfululizo inampeleka kijana huyo Kongo, safari inayomfikisha kwa daktari Albert Schweitzer huko Lambaréné, na hapo sauti ya mwandishi inabadilika: badala ya vituko, kunajitokeza swali la maana ya vita vya wazungu katika ardhi ya Waafrika.

Hata hivyo, ni sharti kusema kilichokosekana. Vita vya Afrika Mashariki vilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu, wengi zaidi kuliko waliokufa kwa risasi. Kumbukumbu yao imo katika lugha yetu: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni matamshi ya Kiswahili ya jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Msomaji wa Kiswahili hutamka jina la wapagazi kila anapokwenda sokoni. Kwenye skrini majemadari na wawindaji ndio walioshika usukani wa hadithi. Hapa kalamu iliyokuwa ikipigania nafasi yake Hollywood ilikuwa nayo na uwezo wa kugawa nafasi katika historia ya wengine.

4.0 Mwaka 1994: Miswada Miwili, Hatima Mbili

Mwaka 1994 unatoa ulinganisho adimu. Miswada miwili ya Darabont ilitoka sinema ndani ya miezi michache. Wa kwanza, The Shawshank Redemption, aliuongoza mwenyewe. Wa pili, Mary Shelley's Frankenstein, aliouandika kwa kushirikiana na Steph Lady, uliongozwa na Kenneth Branagh.

Kuhusu Frankenstein, Darabont ameeleza hadharani mara kadhaa kwamba hakuitambua kazi yake kwenye skrini. Alikuwa ameandika kwa utulivu na huzuni. Filamu ikaja kwa kelele na kasi. Si lazima mhakiki akubaliane naye. Branagh alikuwa na haki ya kuona alivyoona. Lililo muhimu kihistoria ni kwamba mwandishi hakuwa na chombo chochote cha kupinga zaidi ya malalamiko.

Shawshank ilifuata njia nyingine. Darabont alikuwa amepata haki za riwaya fupi ya King iliyotoka mwaka 1982. Alipomaliza mswada, kampuni ya Castle Rock iliupenda kiasi kwamba mmoja wa waanzilishi wake, Rob Reiner, mwongozaji mwenye jina, alitaka kuuongoza. Darabont, ambaye wakati huo hakuwa na filamu hata moja ya sinema aliyoiongoza, aliahidiwa mamilioni ya dola ili aachie kiti. Alikataa. Reiner aliheshimu uamuzi huo, na picha zikapigwa mwaka 1993 katika gereza la zamani la Mansfield, jimbo la Ohio.

Matunda ya uamuzi huo yanaonekana katika usimulizi. Sauti ya Red, mfungwa anayeigizwa na Morgan Freeman, inaongoza filamu nzima kama sauti ya mtambaji hadithi. Waongozaji wengi huiogopa mbinu hii kwa kuona kwamba skrini haipaswi kusemewa. Darabont aliiacha, kwa sababu mswada wake ulijengwa juu ya mtu anayekumbuka. Hata hivyo, hakushinda kila kitu. Mswada wake uliishia Red akiwa safarini ndani ya basi, mtazamaji akiachwa na tumaini tu. Kampuni ilitaka marafiki wawili waonekane wakikutana ufukweni. Tukio hilo lilipigwa, likabaki, na leo ni miongoni mwa miisho inayopendwa sana. Kwa hiyo si sahihi kuiandika historia hii kama vita kati ya msanii mwema na mfanyabiashara mbaya. Wakati mwingine mwenye fedha huliona jambo ambalo mwenye kalamu hakuliona.

Filamu iligharimu takribani dola milioni 25 na haikufanya vizuri sinema. Iliteuliwa kuwania Tuzo 7 za Oscar, ikiwemo ya mswada uliotokana na kazi nyingine, na haikupata hata moja. Iliyoiokoa ni kanda za video, kisha televisheni: kuanzia mwaka 1997 kituo cha TNT kiliirusha tena na tena, hadi ikawa filamu ambayo Wamarekani wengi waliijulia sebuleni. Televisheni iliyomfundisha mwandishi ndiyo iliyoifufua kazi yake.

5.0 Kutoka The Green Mile hadi The Mist

The Green Mile (1999), iliyotokana na riwaya ambayo King aliitoa kwa mafungu 6 mwaka 1996, iliimarisha jina la Darabont. Iliteuliwa kuwania Tuzo 4 za Oscar. Pamoja na mafanikio hayo iliibua lawama nzito. Mwaka 2001 mwongozaji Spike Lee aliilaumu, pamoja na filamu nyingine, kwa kumchora mtu mweusi mwenye miujiza ambaye kazi yake ni kuponya na kufariji wazungu, asiwe na maisha yake mwenyewe. Lawama hii inakwenda sambamba na ile ya wapagazi iliyotajwa juu. John Coffey anapendwa na mwandishi, anaigizwa kwa hisia kubwa na Michael Clarke Duncan, lakini hajui alikotoka wala filamu haiulizi sana. Udhibiti wa mwandishi juu ya kazi yake haumwondolei wajibu wa kuulizwa.

The Majestic (2001) iliandikwa na Michael Sloane na kuongozwa na Darabont. Mhusika mkuu ni mwandishi wa filamu wa mwaka 1951 anayeingia katika orodha ya washukiwa wa ukomunisti na kupoteza kazi. Filamu haikupata watazamaji waliotarajiwa, lakini mada yake haikuwa ngeni kwa mwongozaji: mwandishi ambaye riziki yake hukatwa na watu asioweza kuwajibu.

Miaka iliyofuata ilionesha udhaifu huo huo kwa namna nyingine. Darabont aliandika mswada wa filamu ya nne ya Indiana Jones. Steven Spielberg aliupenda, Lucas aliukataa. Filamu ilipotoka mwaka 2008 jina la Darabont halikuwemo.

The Mist (2007) ndiyo jibu lake. Mwisho wa hadithi ya King una tumaini dogo. Darabont aliandika mwisho mkali: baba anawaua wenzake, akiwemo mwanawe, ili kuwaepusha na kifo kibaya zaidi, na muda mfupi baadaye jeshi la uokoaji linatokea katikati ya ukungu. Alipewa fursa ya bajeti kubwa zaidi kwa masharti ya kuubadilisha mwisho huo. Alichagua bajeti ndogo, takribani dola milioni 18, na kuubakiza. Ili kumudu gharama alikopa mbinu za televisheni: alikuwa ameongoza kipindi kimoja cha The Shield, akaichukua timu ya kamera ya mfululizo huo ipige picha kwa haraka, kamera ikiwa mkononi. King mwenyewe aliusifu mwisho huo mpya. Hapa uhuru wa mwandishi ulinunuliwa kwa bei inayojulikana.

6.0 The Walking Dead: Mwenye Kujenga na Mwenye Nyumba

Tarehe 31 Oktoba 2010 kituo cha AMC kilianza kurusha The Walking Dead, tamthilia iliyotokana na vibonzo vya Robert Kirkman. Darabont ndiye aliyeibuni kwa ajili ya televisheni, akaandika na kuongoza kipindi cha kwanza, na kusimamia msimu wa kwanza wa vipindi 6. Mafanikio yalikuwa makubwa. Mwezi Julai 2011, msimu wa pili ukiwa unatengenezwa, aliondolewa. Tamthilia iliendelea bila yeye hadi mwaka 2022, ikafikia misimu 11.

Mwezi Desemba 2013 Darabont, pamoja na wakala wake CAA, walifungua kesi mjini New York. Kiini chake kilikuwa hesabu. Mkataba ulimpa sehemu ya faida. Lakini kampuni iliyotengeneza tamthilia na kituo kilichoirusha vilikuwa chini ya mmiliki mmoja, na bei ambayo kituo kililipia kila kipindi ilipangwa ndani ya nyumba hiyo hiyo. Walalamikaji walidai kwamba bei hiyo ilikuwa ya chini mno, hivyo tamthilia iliyopendwa na mamilioni ilionekana kwenye daftari kama isiyo na faida. Kampuni ilikana na kushikilia kwamba ilifuata mkataba. Wahenga walikwisha kusema: mwamba ngoma huvutia kwake.

Mwaka 2018 ilifunguliwa kesi ya pili, na mwezi Julai 2021 pande zote zilikubaliana nje ya mahakama kwa malipo ya dola milioni 200. Lakini mwaka 2020, katika kesi ya Kirkman na watayarishaji wengine wa tamthilia hiyo huko California, jaji aliona kwamba lugha ya mikataba yao iliipa kampuni haki ya kupanga bei ilivyopanga. Tamthilia moja, swali linalofanana, hatima tofauti. Yaliyopimwa mahakamani hayakuwa ubora wa mandhari wala ukali wa mazungumzo, bali maneno ya kurasa ambazo hakuna mtazamaji atakayezisoma kamwe.

Darabont alitengeneza tamthilia nyingine, Mob City (TNT, 2013), iliyokoma baada ya vipindi 6. Kisha kimya kirefu kikafuata. Alirejea katika msimu wa mwisho wa Stranger Things wa Netflix, uliotoka mwaka 2025, akiongoza vipindi viwili vilivyoandikwa na wengine. Alimalizia alipoanzia katika Buried Alive: mwongozaji mwalikwa katika televisheni.

7.0 Mjadala: Yanayowahusu Waandishi wa Kiswahili

Sheria ya hakimiliki ya Marekani inautambua utaratibu wa kazi ya kuajiriwa, ambapo kampuni inayolipa huhesabiwa kuwa mtunzi. Ndiyo sababu waandishi wa huko hutegemea chama chao, ambacho mwaka 2023 kiligoma kwa siku 148, pamoja na mikataba ya mtu mmoja mmoja.

Hali ya ukanda huu haiko mbali sana. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Kenya ina sheria ya mwaka 2001 na Uganda ya mwaka 2006. Sheria ya Kenya inaweka miswada ya filamu na ya utangazaji katika kundi la kazi za fasihi. Humo mwandishi ni mtunzi kama alivyo mtunzi wa riwaya. Lakini kuhusu filamu yenyewe, mtunzi kisheria ni yule aliyefanya mipango ya utengenezaji wake, yaani kwa kawaida mtayarishaji. Kwa maneno mengine, mwandishi humiliki neno hadi pale linapogeuka picha. Daraja kati ya hatua hizo mbili ni mkataba, na pale mkataba unapokuwa wa mdomo, daraja hilo halipo.

Idara za Kiswahili hufundisha muundo wa tamthilia, wahusika na mtindo. Ni nadra kumfundisha mwanafunzi kusoma mkataba wa mswada, ilhali wengi wa wahitimu hao wataandikia runinga na mitandao kabla ya kuandika riwaya. Kiswahili nacho kinahitaji istilahi zilizotulia za fani hii. Maneno kama mgawo wa faida, haki za kuendeleza hadithi na sifa ya uandishi yanapaswa kuwa na maana moja Kigali, Kampala, Mombasa na Dodoma, kwa sababu anayesaini asichokielewa husainishwa hasara.

8.0 Hitimisho

Historia ya Darabont inaonesha mtu aliyepanda ngazi zote: kibarua, mwandishi wa kukodiwa, mwongozaji wa televisheni, mwongozaji wa sinema na mbunifu wa tamthilia. Uongozaji ulimpa Shawshank na mwisho wa The Mist. Haukumlinda alipoondolewa katika kazi aliyoianzisha. Hapo alichobaki nacho ni maandishi aliyokuwa ameyasaini. Na katika hadithi alizoziandika juu ya ardhi ya Afrika Mashariki, yeye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuamua nani asikike na nani abebe mizigo kimya. Wapagazi hao wangali wakisubiri mswada wao, na ni vyema atakayeuandika kwa Kiswahili aujue kwanza mkataba wake.